Mwajiri Naye Anaogopa
Hotuba kwa vijana wanaotafuta kazi na waajiri wa Kigoma Ujiji

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, waajiri mliofunga maduka na ofisi asubuhi hii ili mje kutusikiliza, na nyinyi wadogo zangu mliojaa kule nyuma na bahasha zenu za kaki: asalaam alaikum, Bwana Yesu asifiwe, na kwa wote waliobaki, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie namna mwajiri anavyomchagua mtu mmoja kati ya waombaji wengi. Walionialika walitamani niwape vijana mbinu. Mbinu mmeshapewa nyingi: chomekea shati, mtazame msaili usoni, usikae kabla hujakaribishwa. Sawa, chomekeeni. Mimi leo nataka niwavushe meza, mje mkae upande ninaokaa mimi. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeajiri watu, kwanza kwenye mashirika yanayohudumia wakimbizi huko Kasulu na Kibondo, baadaye kwenye usafirishaji hapa mjini. Kuna jambo mwombaji halioni akiwa kwenye kile kiti cha peke yake katikati ya chumba: yule anayemuuliza maswali kwa sauti nzito ana hofu kuliko yeye.

Hofu ya nini? Ya lawama. Kumwajiri mtu ni saini moja. Kumwondoa ni safari. Sheria inataka sababu halali na utaratibu wa haki, la sivyo mtakutana mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Na kabla hamjafika huko, hasara imeshaingia. Mtunza stoo mzembe akiacha dawa kwenye joto, hazirudi. Keshia mwenye mkono mwepesi akikaa miezi mitatu, duka linayumba. Halafu bosi mkubwa anauliza lile swali ambalo kila afisa ajira analijua: "Huyu nani alimleta?"

Kwa hiyo mwajiri akiwa na maombi mia mezani, mara nyingi hamtafuti aliye bora kuliko wote. Anamtafuta yule ambaye hatamwaibisha. Hayo ni mambo mawili, na manung'uniko mengi ninayoyasikia Mwanga, Gungu na Ujiji, kwamba "fulani nimemzidi kila kitu lakini kachukuliwa yeye", yanazaliwa hapo. Inawezekana kabisa ulimzidi. Inawezekana pia kwamba yeye alieleweka na wewe hukueleweka.

Nendeni Kibirizi mkamwangalie mnunuzi wa dagaa. Kila muuzaji anasema dagaa wake safi, na juu ya gunia kweli wanang'aa. Mnunuzi mzoefu wala hatazami juu. Anazamisha mkono mpaka chini, anatoa konzi, anatafuta mchanga. Mwajiri naye angependa kuzamisha mkono. Tatizo lake ni kwamba amepewa karatasi mbili na dakika ishirini za mahojiano. Inabidi asome dalili.

Hili la dalili lina wenyewe. Mwaka 1973 mchumi Michael Spence alilieleza soko la ajira kama mahali ambapo mwombaji anajijua na mwajiri hamjui. Akasema cheti kina kazi isiyotajwa shuleni: hata kama masomo yasingemwongezea mtu ujuzi wowote, mwajiri bado angekitazama, mradi kukipata kuwe kugumu zaidi kwa asiye na uwezo kuliko kwa aliye nao. Mwaka 2001 alipewa Nobel ya uchumi pamoja na George Akerlof na Joseph Stiglitz, ambao nao walishughulikia masoko ya namna hiyo, ambamo upande mmoja unajua zaidi ya mwingine. Walimu mliomo humu msinipige mawe. Spence hakusema shule haifundishi. Alichosema ni kwamba mwajiri, anapokitazama cheti chako, hafikirii sana somo la historia ulilofaulu. Anafikiria: huyu aliweza kukaa chini, akamaliza alichokianza.

Sasa oneni kinachotokea dalili hiyo inapokuwa ya kila mtu. Wazee waliomo humu wanakumbuka enzi ambazo darasa la nane lilikutia ofisini kama karani. Ikaja zamu ya kidato cha nne, ikaja ya stashahada. Leo ninaona matangazo ya mtu wa mapokezi yanayodai shahada. Kazi ya mapokezi haijabadilika kiasi hicho: simu inaita, unaipokea, mgeni anakuja, unamkaribisha. Kilichobadilika ni urefu wa foleni. Mwaka 2014 Idara ya Uhamiaji ilikuwa na nafasi 70, wakaitikia watu zaidi ya 10,000, usaili ukabidi ufanyiwe Uwanja wa Taifa kule Dar es Salaam. Picha zake tuliziona wote: jukwaa limejaa vijana kama kuna mechi ya watani. Pigeni hesabu, ni zaidi ya watu 140 kwa kiti kimoja. Katika foleni ya namna hiyo hakuna binadamu anayesoma kila CV akitafuta uzuri uliomo. Anatafuta sababu ya kuiweka pembeni.

Niwaingize basi kwenye chumba chenyewe, maana wengi hamjawahi kukiona.

Ni meza, watu wawili au watatu, fomu ya alama, chai ya rangi na rundo la karatasi. Mzunguko wa kwanza ni wa masharti. Tangazo limesema leseni ya daraja fulani. Hakuna nakala, unatoka. Limesema barua iandikwe kwa mkono, umechapa, unatoka. Haijalishi umechapa vizuri kiasi gani. Serikalini ni kali zaidi, na wala hawafichi: Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma inaandika kwenye matangazo yake kwamba hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliki, kinachotakiwa ni cheti chenyewe, na aliyesoma nje ya nchi ahakikishe vyeti vyake vimethibitishwa na mamlaka husika. Kila tangazo linayarudia hayo, na kila tangazo watu wanaangukia hapo hapo. Mzunguko huu unakula wengi, na hauna uhusiano wowote na akili ya mtu.

Mzunguko wa pili ndio wenye mambo. Masharti yametimia, rundo bado ni kubwa, na fomu ya alama haisemi tena kitu. Hapo ndipo vinapoingia vigezo ambavyo hakuna aliyeviandika. Mmoja anasema, "Huyu ametokea Dar, atakaa Kibondo kweli?" Mwingine: "Ana shahada ya uzamili anaomba usaidizi, miezi miwili ataondoka." Wa tatu: "Miaka miwili hana kazi. Kuna nini?"

Hilo swali la tatu naomba tukae nalo. Mwaka 2013 wachumi Kory Kroft, Fabian Lange na Matthew Notowidigdo walichapisha jaribio walilolifanya katika miji mikubwa ya Marekani. Walituma maelfu ya maombi ya watu wa kubuni, sifa zikilingana, tofauti ikiwa ni muda waliokaa bila kazi. Kadiri muda ulivyorefuka ndivyo simu za kuitwa zilivyopungua, na mporomoko ulikuwa mkali zaidi katika miezi ile ya mwanzo. Mtu ni yule yule, ujuzi ni ule ule. Ila mwajiri anajiambia: kama angekuwa anafaa, mwenzangu angeshamchukua. Anaazima macho ya waajiri wengine ambao hata hawajui waliona nini.

Mdogo wangu, ndiyo maana nakukataza kuandika "nipo nyumbani". Karibu hakuna kijana wa Kigoma aliye nyumbani tu. Unamshikia shangazi duka pale Mwanga? Basi unatunza daftari la mauzo, unapokea mzigo, unafunga hesabu jioni. Unasimamia mashine ya kukamulia mawese ya baba? Unajua ngapi zimeingia, ngapi zimetoka na nani anadaiwa. Andika hivyo, na uandike namba ya simu ya shangazi. Si kudanganya. Ni kumwonyesha mtu kazi uliyoifanya ambayo wewe mwenyewe umeizoea hata huioni.

Na namba za simu za wadhamini, jamani. Nimepiga simu nikakuta mdhamini hamjui mwombaji. Nimepiga nikaambiwa mhusika alishafariki. Mwajiri mwenye hofu akikutana na hilo hakupi nafasi ya pili.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nisingelisema Arusha au Mbeya, lakini nikiwa Kigoma nikiliacha nitakuwa nimewaficha.

Mwaka 2004 Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Boston na Chicago. Walijibu matangazo ya kazi kwa kutuma CV karibu 5,000 za kubuni. Nusu wakazipa majina ambayo Marekani yanasikika kuwa ya Wazungu, kama Emily na Greg, na nusu majina yanayosikika kuwa ya watu weusi, kama Lakisha na Jamal. Wale wa majina ya Kizungu waliitwa mara moja na nusu ya wenzao. Hakuna aliyeonana nao. Jina tu lililoandikwa juu ya karatasi.

Mnacheka kwa nini? Nani humu ana jina linaloanza na Nta au Nda, na hajawahi kuulizwa mara mbili ofisini kama ni Mtanzania? Tunaishi kati ya Burundi na ziwa, ng'ambo ya ziwa ni Kongo, kambi ya Nyarugusu ipo tangu 1996, na Kiha na Kirundi vinasikilizana. Mtu aliyekaa Dar es Salaam akipokea CV ya kijana wa Buhigwe, anaona jina, anasita, anaweka pembeni "mpaka tuhakikishe uraia". Hahakikishi. Anachukua inayofuata. Ningependa awaze kidogo kuhusu jina la Ndalichako. Profesa Joyce Ndalichako aliwahi kuwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Mitihani la Taifa, akawa mbunge wa Kasulu Mjini, akawa waziri mwenye dhamana ya kazi na ajira. Jina kama hilo ndilo linalomtia shaka afisa wetu wa Dar.

Na kuna sumu nyingine tamu zaidi, ile ya kusifiwa. "Muha ni mtu wa kazi." Tunaifurahia. Lakini ina historia. Wakati wa Mwingereza mkoa huu ulikuwa ghala la nguvu kazi. Mwaka 1944 wakulima wa mkonge waliunda ofisi yao ya kukusanya vibarua, SILABU, na babu zetu wengi wakapandishwa treni kupelekwa kwenye mashamba ya Tanga na Morogoro kama manamba. Sifa iliyotafutwa ilikuwa moja, mwili: anaweza kukata mkonge au hawezi? Treni ilisimama kitambo, mawazo yakaendelea na safari. Mpaka leo kuna waajiri ambao mtu wa Kigoma wanamwona haraka sana kwenye ulinzi, kuchimba na kubeba, na polepole sana kwenye uhasibu. Wanaamini wanamsifu. Wachumi wanalieleza hivi: mwajiri asiyeweza kukujua wewe anakupa wastani wa kundi analokuweka. Na wastani wenyewe ameusikia kijiweni.

Sheria ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa kabila au mahali mtu alikotoka, kwa dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, virusi vya Ukimwi, umri na mengineyo, na katika kifungu hicho mwombaji wa kazi naye anahesabiwa kuwa mwajiriwa. Kwa hiyo waajiri wenzangu, lile swali la "umeolewa? una mpango wa kuzaa karibuni?" liacheni nyumbani. Na mwenye wafanyakazi 20 au zaidi, sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka asilimia 3 wawe watu wenye ulemavu. Ninyooshewe mkono na anayetimiza. Basi, tuendelee.

Kujuana. Mlikuwa mnalisubiri hili.

Nitawashangaza, sitalipiga mawe lote. Tutenganishe. Anayechukua pesa ili akupe kazi ni mla rushwa, na anayekupigia simu kudai "hela ya fomu" kwa kazi ambayo hujawahi kuiona ofisi yake ni tapeli. Hao tuwaachie TAKUKURU na polisi. Anayempa nafasi mtoto wa dada yake asiyejua kitu anaiibia taasisi yake. Lakini kuna wa tatu. Fundi mkuu wa gereji anasema, "Namjua kijana mmoja Katubuka, nimefanya naye kazi, mikono yake mizuri." Huyo ameweka uso wake rehani. Kijana akiharibu, fundi ndiye ataaibika. Kwa mwajiri mwenye hofu, maneno hayo yana uzito kuliko vyeti vitatu, na sioni ubaya wake. Mwanasosholojia Mark Granovetter alifuatilia wafanyakazi wa mji wa Newton kule Marekani, katika utafiti aliouchapisha miaka ya 1970, akakuta zaidi ya nusu walipata kazi kupitia watu waliowajua. Na waliowasaidia hawakuwa sana ndugu na marafiki wa chanda na pete. Wengi walikuwa watu wa kujuana kwa mbali, wa kuonana mara chache. Ndugu yako anajua unachokijua wewe. Yule uliyesoma naye fildi, mara ya mwisho mlionana harusini, ndiye anayejua kwamba kule Uvinza kuna nafasi.

Ubaya wa njia hii ni nani inamwacha nje. Malawi, Lori Beaman na wenzake walifanya jaribio wakati wa kuajiri wakusanya takwimu: walimwomba kila mwombaji amlete mtu mmoja anayefaa. Wanaume wengi walileta wanaume, ingawa walikuwepo wanawake wenye uwezo wanaowafahamu. Hakuna aliyekaa akapanga kuwabagua. Ndivyo watu wanavyokumbuka majina. Tazameni gereji zetu, tazameni boti zetu, tazameni hata ofisi za miradi: mwanamume anamvuta mwanamume. Ukiajiri kwa kuulizana tu, umeshaamua kabla hujaamua.

Asiye na mtu afanyeje? Ajitengenezee mtu kwa karatasi. Afrika Kusini walijaribu jambo dogo sana: barua ya aliyekuwa mwajiri wako, hata kama kazi ilikuwa ya muda, ikieleza ulifanya nini na ulikuwa mtu wa namna gani. Waombaji walioiambatanisha waliitwa zaidi, na wanawake ndio walionufaika hasa, ilhali ni wachache waliokuwa na kawaida ya kuibeba. Hapa kwetu ni hivyo hivyo. Kijana anafanya fildi miezi mitatu, anajitolea mwaka mzima, siku ya mwisho anaaga kwa soda na picha za simu. Barua haombi, anaona haya. Mwombe mtu akuandikie ukiwa bado unaondoka naye vizuri, kabla hajahamishiwa Songea. Na isiwe ile ya "ni mwaminifu na mchapakazi", tumeichoka. Iseme: alikuwa anapokea mzigo wa katoni kadhaa kwa wiki na stoo haikupotea kitu.

Sasa waajiri. Nyinyi nimewaweka mwisho kwa makusudi, mmetulia mkidhani nimewasahau.

Mnachagua vibaya. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walikusanya tafiti za miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi na namna kila njia inavyobashiri utendaji. Miaka ya uzoefu, ambayo kila tangazo letu linaidai, ilikuwa dhaifu kwenye orodha ile. Mahojiano ya kupiga stori yalizidiwa na mahojiano ambayo kila mtu anaulizwa maswali yale yale na majibu kupewa alama. Kumpa mtu kipande cha kazi yenyewe akifanye kulikuwa juu. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walipitia upya hesabu hizo, wakazishusha namba nyingi, lakini mahojiano yenye maswali yaliyopangwa ndiyo yakaibuka kileleni. Hakuna kati ya hayo kinachohitaji pesa. Yanahitaji ukae nusu saa kabla ya usaili, uandike maswali.

Niwape mfano wa madereva, kwa sababu huu niliuona kwa macho. Waombaji wote leseni safi, wote uzoefu umejaa ukurasa. Fundi wetu alipunguza upepo kwenye tairi moja la nyuma na maji kidogo kwenye rejeta ya Land Cruiser, akaiacha uwanjani. Kila mmoja anakabidhiwa funguo na kuambiwa, "Tupeleke njia panda, turudi." Basi. Karibu wote walifungua mlango, wakakaa, wakawasha. Wakaendesha vizuri tu. Mmoja alitia funguo mfukoni. Akazunguka gari lote polepole, akalipiga tairi teke, akasimama, akalipiga tena. Akainama kutazama kama kuna oili imedondoka chini. Akafungua boneti, akachomoa kijiti cha oili, akakifuta kwa kitambaa chake mwenyewe, akakirudisha, akakichomoa tena ndipo akakisoma. Akafungua rejeta, akatutazama, akasema, "Hii haiendi mahali mpaka iongezwe maji." Huyo kwenye mahojiano alikuwa akijibu neno moja moja, na CV yake ilichapwa kibandani, imejaa makosa. Kama tungeamua mle chumbani angekuwa wa mwisho. Barabara ya Kibondo wakati wa masika, mimi ningepanda na nani?

Mtunza stoo ni rahisi zaidi. Mpe ukurasa wa leja: salio katoni 240, zimetoka 65, zimebaki 185. Mwambie akabidhiwe stoo. Atakayetia saini bila kuuliza zilikotoka zile kumi zilizozidi karatasini, atakutilia saini na mengine. Fundi wa kuchomea mpe vipande viwili vya chuma. Wanaofukuzia kazi za reli mpya ya Tabora hadi Kigoma, ile ya kilomita 506 iliyosainiwa Desemba 2022, wajiandae kwa hilo: mkandarasi mwenye haraka hakuulizi falsafa yako ya maisha, anakupa mashine. Mpishi apike. Mwandishi wa ripoti aandike ukurasa mmoja, hapo hapo, bila simu.

Mtaona faida nyingine. Kipande cha kazi hakijui jina lako linaanza na nini, hakijui ulikaa nyumbani miaka mingapi, wala hakiulizi mjomba wako nani. Na mwajiri anapata alichokitaka muda wote, ushahidi wa kumtuliza hofu, ambao hata bosi akiuliza "nani alimleta" unaweza kuutoa kabatini ukamwekea mezani.

Kuna wajanja lakini, na nawaona mmeanza kutazamana. Jaribio ni la saa moja, mbili, likizidi sana siku moja. Si wiki mbili za kumwosheshea mtu vyombo mgahawani kwako ukimwambia "tunakuangalia kwanza", kisha unamleta mwingine naye umwangalie. Hapo huchagui mtu, unafuga vibarua wa bure. Akifanya kazi iliyokuingizia pesa, mlipe siku yake, umchukue au usimchukue. Na usiyemchukua mtumie ujumbe. Mstari mmoja tu, "nafasi imepata mtu", ili aache kukaa na simu mkononi aende kwingine.

Mwenyekiti, naona unatazama saa, na naona mikono imeshanyooka kule nyuma. Tuanze na yule binti mwenye bahasha.